Alama nyekundu kwenye baraza ya Bibi

Asubuhi ile mama alikuwa amekwishauza vitumbua vyote, imebaki sahani moja. Vijana wawili waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa walisimama mbele ya baraza yetu, mmoja ameshika kopo la rangi nyekundu. Walimwamkia kwa adabu, wakamwomba asogeze meza yake kidogo, kisha wakachora msalaba ukutani na kuandika nambari chini yake. Mama aliwafungia vitumbua viwili viwili wakaenda zao. Aliponipigia simu skuli ninakosomesha, hakusema kwamba nyumba inavunjwa. Alisema, "Mwanangu, wamekuja wapima, wameandika ukutani. Ukitoka huko pitia usome."

Ilikuwa 2021. Naandika sasa kwa sababu wiki iliyopita msichana niliyemsomesha zamani alinipigia akilia: nyumba ya bibi yake imepigwa alama kama ile. Tulizungumza karibu saa nzima, na nilipokata simu nikagundua kwamba nusu ya niliyomwambia hakuna aliyeniambia mimi wakati wangu. Mtaa wetu sitautaja, kwa kuwa baadhi ya majirani bado wanafuatilia haki zao. Itoshe kusema ni Ng'ambo, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Michenzani.

Kwa asiyeijua Unguja: Mji wa Zanzibar una pande mbili. Upande wa bahari ni Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ambako hata kubadilisha dirisha unahitaji kibali. Upande wa pili ni sisi, Ng'ambo, ng'ambo ya hori, mkono wa bahari uliokuwa ukitenganisha mji kabla ya kufukiwa. Hori limekwisha, daraja halipo, limebaki jina la Darajani. Na sisi ndivyo tulivyo, mitaa yetu inaishi kwa majina: Kisimamajongoo, Mwembetanga, Miembeni, Kikwajuni. Ukiyasikiliza majina hayo unaona visima na miti ambayo mingi yake hakuna aliye hai aliyeiona.

Habari za kuvunjwa tulizizoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza mwanzo. Bibi, mzaa baba, alikuwa akituhadithia jinsi nyumba za udongo zilivyoondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Karume, ili yajengwe yale majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mpango ulikuwa mkubwa kuliko kilichojengwa, na sehemu yetu haikufikiwa. Tangu hapo kila baada ya miaka kadhaa husemwa kwamba safari hii zamu yetu, kisha kimya. Kwa hiyo sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, alipotangaza mkutano kwenye uwanja wa skuli, nyumbani kwetu hakwenda mtu. Mama alikuwa na unga wa kusaga, mimi nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, kaka yangu mkubwa alisema, "Maneno yale yale."

Mkutano ule ndio uliokuwa wa kuorodhesha. Waliandikwa wenye nyumba, waliandikwa wapangaji, na waliandikwa wanaofanya biashara pale mtaani ili wafikiriwe nafasi kwenye majengo mapya. Mama ameuza vitumbua, chapati na mbaazi kwenye baraza ile tangu mimi niko darasa la pili. Hakuandikwa. Tulipokwenda baadaye kudai, tuliulizwa leseni, na leseni hana. Tukaulizwa daftari la mauzo, na daftari hana. Baraza yenyewe ililipwa kama saruji na mawe, mita kadhaa. Wateja mia na zaidi wa kila asubuhi hawakuwa na safu yao kwenye fomu. Mkisikia mkutano, hata kama mmesikia kumi kabla yake, mmoja wenu aende, aandike majina ya waliokuwepo juu ya meza na atoke na nakala ya chochote kilichogawiwa. Na mama anayeuza barazani mtafutieni leseni yake ndogo leo, msingoje alama.

Halafu ikaja kazi ya karatasi. Nyumba ilijengwa na mama yake Bibi, mwanamke aliyefua nguo za watu mjini. Enzi hizo wengi wa Ng'ambo walimiliki nyumba lakini si kiwanja. Kiwanja kilikuwa cha mwenye ardhi, nao walimlipa kodi. Kodi hizo ndizo zilizowafanya watu wa Ng'ambo wagome mwaka 1928. Baada ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, kodi ile ikafa, watu wakabaki katika nyumba zao kwa amani na bila karatasi. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 inasema hivyo hivyo kwamba ardhi ni ya umma, wewe unapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huandikwa na kusajiliwa. Sisi hatukuwahi kuandikisha. Tulikuwa na sanduku la bati la Bibi chini ya kitanda, ndani yake stakabadhi za kodi ya kiwanja zenye mihuri iliyofifia, bili za umeme, na cheti changu cha chanjo. Mwaka mmoja kabla ya alama, katika usafi wa kuelekea Ramadhani, nilitaka kulitupa sanduku lile. Mama alinikataza kwa sababu tu lilikuwa la mkwewe. Zile stakabadhi, pamoja na barua ya sheha na mashahidi wawili wazee, ndizo zilizotuthibitisha kuwa ni wenye nyumba.

Siku ya uthamini nilikuwa kazini. Aliyekuwepo ni mdogo wangu wa kiume, naye alikuwa na haraka ya kwenda zake bandarini. Mthamini alikuja na futi kamba na kamera, akapima vyumba vitano na ukumbi, akamuonesha pa kutia saini, akatia. Usiku niliposoma nakala moyo ulinienda mbio. Kisima cha uani hakikuandikwa, maana kilifunikwa kwa bao na juu yake pamepangwa ndoo. Jiko la nje halikuandikwa. Mkomamanga haukuandikwa, wala ukuta wa uani. Kurekebisha hayo kulituchukua miezi mitano ya kwenda na kurudi, na nina hakika kwamba kama ningelikuwepo siku ile yangelikwisha kwa nusu saa. Mthamini hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichooneshwa. Ingekuwa ni leo, siku moja kabla ningelipiga picha kila chumba, kisima kikiwa wazi, dari na boriti zake, milango, nyaya za umeme, kila mti. Ningeliandika orodha yangu na kutembea naye nikiisoma kwa sauti. Na kama hatukukubaliana, ningeliandika kando ya saini kwamba sijakubali jambo fulani, kisha nipige picha ukurasa mzima.

Hayo yote, lakini, yalikuwa mepesi mbele ya mirathi.

Bibi alifariki 1998. Aliacha watoto watatu: ami yangu, shangazi yangu na baba. Hapakugawiwa kitu. Kila aliyeuliza aliambiwa nyumba ni ya wote, nani atamfukuza nani? Ami akaenda Maskati, Oman, shangazi akaolewa Wete, kisiwani Pemba, baba akabaki na mama ndani ya nyumba. Baba naye akafariki 2009, akatuacha watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Hapakugawiwa kitu tena. Kuzungumza mirathi kwetu kulionekana kama kumngojea maiti vitu vyake, ingawa dini yenyewe inatuhimiza tusicheleweshe.

Ofisini tuliambiwa jambo la wazi kabisa: malipo hayatoki mpaka warithi wajulikane kisheria. Tukaenda Mahakama ya Kadhi. Nitaeleza hesabu ilivyokuwa, kwa sababu watu wengi wa mitaa yetu wana hesabu kama hii na hawajawahi kuiona imeandikwa. Mali ya Bibi iligawiwa mafungu matano: ami mawili, baba mawili, shangazi moja. Fungu la baba likagawiwa tena: mama thumuni, yaani moja ya nane, kilichobaki kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Ukiifanya nyumba nzima kuwa sehemu ishirini, ami ana nane, shangazi nne, kaka zangu mbili mbili, sisi wasichana moja moja, na mama moja.

Moja katika ishirini. Alikuwa ameingia nyumba ile bibi harusi mwaka 1984. Alimuuguza Bibi mpaka siku ya mwisho. Nilipomsomea karatasi alinyamaza, akaendelea kuosha mchele. Sikulala usiku ule. Sikuwa na ugomvi na hesabu ya Mwenyezi Mungu. Kilichoniuma ni kwamba mali iliyokuwa ikigawiwa haikuwa yote ya Bibi. Nyumba aliyoiacha Bibi ilikuwa ya mawe na udongo, paa la makuti upande wa nyuma, choo cha shimo. Mabati, sakafu ya saruji, choo kipya, vyumba viwili vya uani, hivyo vilitoka kwenye chuma cha vitumbua. Kadhi mwenyewe alituuliza vizuri kabisa: kuna aliyetia mali yake humu baada ya kufa mwenye nyumba? Kama yupo na ana ushahidi, hiyo ni haki yake na hutolewa kwanza, kabla ya kugawa.

Ushahidi hatukuwa nao. Mama hajui kuweka risiti. Kaka yangu mkubwa akampigia ami simu kwa hasira, akasema maneno ambayo kijana hamwambii baba yake mdogo. Ami akakata. Wiki sita hakupokea simu ya mtu yeyote kutoka Unguja, na bila ya barua yake ya uwakala, iliyothibitishwa kwenye ubalozi kule Maskati, hakuna lililokwenda mbele. Majirani walianza kulipwa, sisi tukawatazama wakipakia magari. Ninaijutia simu ile kuliko fomu ya uthamini. Mtu aliye mbali miaka zaidi ya ishirini ana uchungu wake na nyumba ya mama yake, na sisi tulimfanya mgeni anayekuja kuchukua pesa.

Jibu lilitoka dukani. Njia ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, la mzee mmoja ambaye mama alikuwa akikopa kwake saruji mfuko mmoja mmoja, bati tatu leo, bati mbili mwezi ujao. Duka nalo lilikuwa na alama. Nilikwenda kumuaga tu, nikamkuta anapanga makasha, na ndani ya kasha moja madaftari ya madeni, ya miaka na miaka. Tulikaa chini sisi wawili mchana kutwa. Jina la mama lilikuwa humo kuanzia 2001 mpaka 2016, kila mfuko, kila bati, na alama ya kulipwa. Yale madaftari yalikuwa yachomwe Ijumaa ile.

Sikumpelekea kadhi kwanza. Nilipiga picha kurasa zote, nikamtumia ami kwa simu, bila ya maneno mengi: "Ami, shikamoo. Hii ni hesabu ya mama. Nakuomba radhi kwa aliyokwambia kaka." Alinipigia baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa akilia. Hakujua kwamba paa lile, ambalo kila mara alipokuja alikuwa akilisifu, ni la mama. Alisema itolewe kwanza haki ya shemegi yake ndiyo kigawiwe kinachobaki, na shangazi akaafiki. Mafundi wawili wakathamini kazi ile, warithi wote tukatia saini mbele ya kadhi.

Fidia yote ilikuwa shilingi milioni 58. Mama alitolewa milioni 18 za ujenzi wake. Milioni 40 zikagawiwa sehemu ishirini, milioni mbili kila sehemu. Nataja tarakimu kwa sababu wakati wetu hakuna aliyetaja zake, kila mmoja aliona haya, na hivyo kila mmoja alikwenda mezani peke yake.

Wengine walichagua fleti badala ya fedha. Sisi tusingeweza, fleti moja haigawiki kwa watu wanane, na mama magoti yake hayapandi. Lakini nilifanya jambo moja la maana kabla ya kukataa: nilikwenda kulala siku mbili kwa khalati yangu Michenzani, ghorofa ya nne. Nilimuona akipandisha ndoo za maji. Niliona pia jinsi alivyo na jirani zake wa ngazi moja, milango wazi, watoto wakila nyumba hii na kuoga nyumba ile. Nilirudi nikiwa na heshima zaidi kwa majumba yale. Anayepewa uchaguzi huo aende alale huko kwanza, aulize maji, aulize nani anasafisha ngazi, aulize wapi atatwanga na wapi atafungia maiti sanda.

Kuhama kulitugharimu kuliko tulivyokisia. Tulipewa siku 30. Kodi ya vyumba viwili Kwarara, nje kidogo ya mji, ilikuwa 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya miezi sita mbele, dalali akachukua ya mwezi mmoja. Magari, wapagazi, nauli ya boti kwenda na kurudi Pemba mara mbili kwa saini za shangazi. Yote hayo kabla ya kupokea hata senti ya fidia. Tulikopa kwenye kikundi cha akina mama na kwa mwalimu mwenzangu. Mlango wa mbele, boriti nzuri na mabati tuliruhusiwa kuchukua, lakini tulingoja mpaka siku mbili za mwisho, mafundi wa kubomoa wakawa adimu na ghali kwa kuwa mtaa mzima unawataka siku moja. Bati zaidi ya nusu zilifukiwa. Mlango tunao.

Siku ya greda nilikwenda peke yangu, mama hakutaka. Ukuta wa mbele ulianguka mzima mzima. Baraza haikuanguka, ilibidi ivunjwe kwa nyundo ile ya mashine, na ilichukua muda mrefu kuliko nyumba.

Sasa pale pana barabara pana yenye taa, na mitaro mikubwa. Nitasema kweli: masika yaliyopita maji hayakuingia katika nyumba zilizobaki upande wa chini, na miaka yote ya utoto wangu tulikuwa tukiweka vitanda juu ya matofali. Gari la wagonjwa linafika. Wanafunzi wangu wanasoma chini ya taa zile usiku. Mbele ya majengo mapya pana maduka ya vioo na njia safi ya miguu, lakini hapana pa kukaa. Wazee wa kahawa walihamia chini ya mti karibu na kituo, wakaondoshwa, wakahamia kwingine, na sasa sijui watatu kati yao wako wapi. Utingo wa daladala haiti tena mtaa kwa jina lake, anaita jina la jengo. Nikishuka nampa jina letu kwa makusudi, naye hunitazama.

Mama alinunua kiwanja chenye nyumba ya nusu, Kwarara huko huko, na mara hii haki ya matumizi imeandikwa kwa jina lake mwenyewe. Vitumbua anauza, si zaidi ya arubaini kwa siku, watu huko hutoka alfajiri na hawapiti mlangoni. Kaka alitaka mbele pawe na geti la gari. Mama alimwita fundi, akamuonesha kwa mikono urefu na upana, akamwambia baraza kwanza.

Mwezi ujao napanda boti kwenda Wete. Nyumba anayoishi shangazi ni ya marehemu mumewe, haijagawiwa tangu 2012, na watoto sita wamesambaa. Ami amesema ataungana nasi kwa simu. Nimemwambia shangazi asitupe karatasi yoyote mpaka nifike, hata bili.